Spea Inayoingia Bila Tupa

Mwenye shotigani ya Remington 870 huko Marekani akitaka kubadilisha springi ya magazini, au kile kisukumio kinachozirudisha risasi kuelekea kwenye mtambo, hana haja ya kumtafuta fundi. Anaagiza sehemu kutoka kampuni ambayo pengine haijawahi kuunda bunduki hata moja, anaiweka mahali pake, na inafanya kazi. Bunduki yenyewe huenda ilitoka kiwandani Ilion, jimbo la New York, miaka ya 1950. Springi imetengenezwa juzi katika jimbo jingine na watu ambao wakati huo hawakuwa wamezaliwa. Jambo hili limezoeleka kiasi kwamba mjadala wote umebaki kwenye uchaguzi: kisukumio cha chuma au cha plastiki, springi ya waya wa kawaida au ya chuma kisichoshika kutu, spea ya kiwandani au ya nje. Lakini kwa sehemu kubwa ya historia ya bunduki uchaguzi huo haukuwapo kabisa, na maelezo ya jinsi ulivyokuja mara nyingi hutolewa vibaya. Husemwa kuwa uliletwa na mvumbuzi fulani mwenye kipaji, au na mashine, au na ushindani wa soko. Mimi nashikilia kwamba uliletwa na geji: kipande cha chuma cha kupimia ambacho watu waliokuwa mbalimbali walikubali kukitii, na ambacho serikali ilikilipia kwa miongo kadhaa bila kuona faida.

Tuanze na bunduki ilivyokuwa kabla ya mwaka 1800. Mtambo wa gumegume una vipande vichache: nyundo inayoliuma jiwe, kibati kinachopigwa kutoa cheche, springi kuu na ndogo zake, kigurudumu chenye meno, ulimi unaoyakamata meno hayo, na skrubu za kuvishikilia vyote. Kila kipande kilifuliwa, kikapigwa tupa kwenye jiliwa mpaka kikakubaliana na jirani yake, kisha kikatiwa moto ili kikaze. Moto hupinda chuma, kwa hiyo baada ya moto kazi ya kulinganisha ilianza upya. Matokeo yake ni kwamba kipande cha bunduki moja hakikuingia kwenye bunduki ya pili, hata kama zote mbili zilitoka kwa fundi mmoja wiki moja. Springi ikivunjika vitani, bunduki iliwekwa kando mpaka apatikane mtu wa kufua nyingine na kuilinganisha kwa mkono. Jeshi lenye bunduki 50,000 kwa kweli lilikuwa na aina 50,000 za bunduki.

Wafaransa ndio walioanza kulikabili tatizo hili kwa fedha za dola. Jenerali Jean-Baptiste de Gribeauval, aliyesanifisha mizinga ya Ufaransa kuanzia mwaka 1765, alimuunga mkono fundi wa bunduki Honoré Blanc katika jaribio la kuunda mitambo ambayo vipande vyake vingeweza kubadilishana nafasi. Mwaka 1785 Thomas Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani mjini Paris, alikwenda kumtazama. Blanc alimwekea vipande vya mitambo 50 vilivyofumuliwa na kupangwa kwa makundi, na Jefferson akaunganisha mitambo kadhaa kwa mkono wake, akiokota kipande chochote kilichomjia. Vyote viliingia. Aliandika habari hiyo nyumbani akiisifu kwa sababu moja iliyo wazi: silaha ikiharibika, itatengenezeka haraka. Hata hivyo mradi wa Blanc haukudumu. Mafundi na wafanyabiashara wa silaha waliona kwamba kipimo cha serikali kinawanyang'anya uhuru wa kazi yao, mapinduzi yakaivuruga dola iliyokuwa ikimlinda, na mwanzoni mwa karne ya 19 Ufaransa ikaachana na mpango huo. Ujuzi ulikuwapo, na kipaji kilikuwapo. Kilichotoweka ni mlipaji mwenye subira.

Hapo ndipo msomaji wa vitabu vya shule atakapomtaja Eli Whitney. Kwa zaidi ya karne moja Wamarekani walifundishwa kwamba Whitney, yuleyule wa mashine ya kuchambua pamba, ndiye baba wa spea. Mwaka 1798 alitia saini mkataba wa kuiundia serikali bunduki 10,000 katika muda wa miaka miwili na ushei. Mwaka 1801 alionyesha mitambo yake mbele ya wakubwa wa Washington, Jefferson akiwamo, nao wakavutiwa sana. Lakini bunduki ya mwisho ya mkataba ule ilikabidhiwa mwaka 1809, na mwaka 1960 mwanahistoria Robert Woodbury alichapisha makala iliyoikagua hadithi hii kwa makini. Bunduki za Whitney zilizobaki zilipofumuliwa, vipande vyake havikubadilishana. Vingine vilikuwa na alama za fundi za kutambulisha ni vya bunduki ipi, alama ambazo hazingehitajika kama kila kipande kingefaa popote. Sioni sababu ya kumwita Whitney tapeli. Alikuwa mtu aliyeahidi jambo ambalo hakuna aliyejua bado gharama yake. Lakini kumpa sifa ya kulitimiza ni kuifuta kazi ya watu waliolitimiza kweli, na ni kuificha sababu iliyowafanya wafaulu.

Sababu hiyo ilianza kuonekana baada ya vita vya 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Bunduki zilizoharibika zilirudi zikiwa rundo, na Idara ya Zana za Kivita ikaona kwa macho hasara ya silaha zisizotengenezeka. Kanali Decius Wadsworth, na baada yake George Bomford, wakafanya usawa wa vipimo kuwa sera ya idara. Mwaka 1815 viwanda viwili vya silaha vya serikali, Springfield huko Massachusetts na Harpers Ferry huko Virginia, viliwekwa chini ya idara hiyo. Msimamizi wa Springfield, Roswell Lee, alianza kuwalazimisha wakaguzi na wakandarasi watumie geji. Katika jimbo la Connecticut, Simeon North alikuwa tayari amepewa mwaka 1813 mkataba wa bastola 20,000, ambao ulisema wazi kwamba vipande vyake lazima vibadilishane. Na mwaka 1819 John Hall wa Portland, Maine, akapewa karakana yake mwenyewe Harpers Ferry kuunda bunduki aliyoibuni, inayojazwa risasi kwa nyuma badala ya mdomoni.

Hall anastahili tukae naye kidogo. Alielewa jambo ambalo wengi kabla yake hawakulitambua: makosa madogo hujumlishana. Ukilipima shimo kutoka kwenye ukingo, kisha ukapima shimo la pili kutoka lile la kwanza, na la tatu kutoka la pili, kosa la mwanzo linasafiri mpaka mwisho likizidi kukua. Hall alichagua nukta moja katika kila kipande na kuamuru kwamba kila kipimo kianzie hapo. Vishikizo vya kukikamata kipande mashineni vilikishika kwa nukta hiyohiyo. Kisha akatengeneza geji, zaidi ya 60 kwa aina moja ya bunduki, wakati ambapo bunduki ya kawaida ya jeshi ilikuwa na chache tu. Zilikuwa katika seti tatu: moja ya wafanyakazi, moja ya wakaguzi, na moja kuu iliyotunzwa kwa ajili ya kuzikagua zile mbili zilipoanza kulika. Hilo la mwisho ndilo kiini cha mambo. Geji nayo ni chuma, nayo huliwa kwa kutumika. Bila kipimo kikuu kilichofungiwa, baada ya mwaka mmoja karakana itakuwa inajipima kwa uongo wake yenyewe.

Mwaka 1826 serikali ilituma kamati ya watu watatu kuikagua kazi ya Hall. Walichukua bunduki 100, wakazifumua, wakachanganya vipande, wakaviunganisha upya kwenye vitako vipya. Zikaungana. Katika ripoti yao walikiri kwamba hawajawahi kuona kitu kama hicho. Jaribio gumu zaidi lilikuja baadaye, na kwa maoni yangu ndilo lenye uzito kuliko yote katika historia hii: North, aliyekuwa akiunda bunduki za Hall kwa mkataba katika karakana yake Middletown, Connecticut, alifanikiwa kufikia mwaka 1834 kuunda vipande vilivyoingia kwenye bunduki za Harpers Ferry, mamia ya kilomita kusini. Karakana mbili, wafanyakazi tofauti, mashine tofauti, na kipande cha hapa kinaingia kule. Hapo ndipo spea ilipozaliwa kwa maana tunayoijua leo, yaani sehemu inayofaa ingawa aliyeiunda hakuigusa wala kuiona bunduki itakayoipokea. Kilichoziunganisha karakana hizo ni geji zilizolinganishwa.

Wale wanaoamini kwamba mashine ndiyo iliyofanya kazi wana hoja, na haifai kuipuuza. Thomas Blanchard alikuwa ameunda Springfield kerezo la ajabu lililochonga vitako vya mbao kwa kufuatisha kielelezo, na Hall mwenyewe alikuwa bingwa wa mashine za kukata chuma. Bila mashine hizo gharama ingekuwa kubwa kupita kiasi. Lakini tazama kilichotokea pale mashine zilipokuwapo na geji zikalegea. Samuel Colt alikuwa na kiwanda kilichojaa mashine bora kuliko karibu kiwanda chochote duniani, mjini Hartford, na bado bastola zake zililinganishwa kwa tupa mwishoni na vipande vikapigwa namba ili visichanganyike. Mashine humpa mtu vipande vinavyofanana. Kufanana hakutoshi kwa spea. Springi inayofanana na ile iliyovunjika inaweza bado kukwama. Zaidi ya hapo, geji nyingi za Hall zilitumika kukagua kazi iliyomaliziwa kwa tupa. Tupa iliendelea kutumika kwa miongo mingi katika viwanda vya serikali, ila sasa ilifuata geji badala ya kufuata kipande cha jirani.

Wala mabadiliko haya hayakupokelewa kwa furaha. Fundi wa Harpers Ferry alizoea kuja kazini na kuondoka apendavyo, akilipwa kwa kipande, akiwa bwana wa bunduki nzima. Geji ilimfanya mtu wa sehemu moja, chini ya jicho la mkaguzi. Januari 1830 msimamizi Thomas Dunn, aliyejaribu kuleta nidhamu kali, alipigwa risasi ofisini na fundi aitwaye Ebenezer Cox, aliyekuwa amefukuzwa kazi, Cox akanyongwa. Mwaka 1842 mafundi wa hapo waligoma, wakakodi mashua na kwenda Washington kumlalamikia Rais John Tyler kuhusu saa za kazi na utawala wa kijeshi kiwandani. Wasomaji wengi wanalijua jina la Harpers Ferry kwa sababu John Brown alikivamia kiwanda hicho mwaka 1859 akitaka kuwapa watumwa silaha. Ni vyema kukumbuka kwamba mahali hapohapo palishuhudia pia vita vingine, vya kimyakimya zaidi, juu ya nani mwenye haki ya kusema kipande hiki ni sawa. Spea rahisi tunazozifurahia zililipiwa kwa kodi, na zililipiwa pia kwa heshima ya mafundi waliopoteza umiliki wa kazi yao. Sioni njia ya kuisimulia historia hii kwa haki bila kuliweka hilo mezani.

Bunduki ya jeshi la Marekani ya mfano wa 1842 ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuundwa katika viwanda vyote viwili vya serikali ikiwa na vipande vinavyobadilishana kikamilifu. Waingereza walishtuka. Baada ya maonyesho makubwa ya London ya 1851 walituma watu kwenda kutazama, na miaka iliyofuata wakanunua mashine za Marekani kwa ajili ya kiwanda cha serikali cha Enfield. Birmingham, mji wa mafundi wadogo wadogo wa bunduki, uliendelea na mtindo wa zamani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilizipima njia zote mbili kwa ukali. Pande zote ziliagiza mamia ya maelfu ya bunduki za mfano wa Enfield, nyingi zikiwa za Birmingham, na maofisa wa silaha wakagundua kwamba vipande vyake havibadilishani. Zile za London Armoury Company, zilizopimwa kwa geji, zilitafutwa zaidi. Upande wa kaskazini, wakandarasi binafsi karibu 20 waliunda bunduki ya Springfield ya 1861, na mkaguzi wa serikali aliipokea au kuikataa kazi yao kwa geji. Mtu akitaka kumwona babu wa kampuni za leo za spea za nje, amtazame mkandarasi huyo: hakubuni bunduki, hakumiliki jina lake, ila aliweza kuunda sehemu zake kwa sababu alikabidhiwa kipimo.

Na bunduki zilizoachwa na mageuzi haya zilikwenda wapi? Sehemu yake ilikuja kwetu. Kila jeshi la Ulaya lilipobadilisha silaha, kutoka gumegume kwenda fataki, kutoka fataki kwenda za kujazwa nyuma, akiba ya zamani iliuzwa, na makumi ya maelfu yake yalipitia Unguja kwenda bara, Unyamwezi na kwingineko, yakibadilishwa kwa pembe za ndovu. Zilikuwa bunduki za zama za tupa. Ikivunjika springi, mwenye gobori hakuwa na la kufanya ila kumwendea mhunzi, na mhunzi akarudia palepale kazi ya mafundi wa karne ya 18: kufua, kupiga tupa, kutia moto, kulinganisha. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizidi kuifunga hali hiyo. Mataifa ya Ulaya yalikubaliana kuzuia silaha za kisasa katika eneo lote la Afrika lililo kati ya latitudo 20 Kaskazini na 22 Kusini, huku yakiacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Husemwa mara nyingi kwamba lengo lilikuwa kuwanyima Waafrika nguvu ya moto. Ni kweli. Lakini kuna kunyimwa kwa pili ambako hakutajwi: waliachiwa aina ya silaha isiyo na spea, wakati wanajeshi wa kikoloni walikuja na bunduki ambazo kipande chake kilichovunjika kiliagizwa kutoka ghala kwa namba. Ustadi wa wahunzi wa bara katika kuyahuisha magobori yale kwa vizazi ni wa kustaajabisha, na ulikuwa pia jibu la lazima kwa uamuzi uliofanywa mbali nao.

Sasa tuirudie shotigani. Bunduki ya pampu, ambayo mpigaji huvuta kishikio cha mbele kurudi nyuma na kukisukuma tena ili kutoa ganda na kuingiza risasi mpya, ilipata umbo lake la kwanza la kibiashara mikononi mwa Christopher Spencer mwaka 1882. John Browning aliiboresha kwa ajili ya Winchester, kwanza kwa mfano wa 1893, kisha ule wa 1897 ambao uliuzwa kwa takriban milioni moja. Magazini yake ni bomba lililolala chini ya mtutu. Risasi hupangwa ndani moja nyuma ya nyingine, springi ndefu ikizisukuma. Hizi zilikuwa bidhaa za soko la raia, hakuna mkaguzi wa serikali aliyezisimamia, na zilirudi nyuma kwa namna inayofundisha: vipande vya 1897 vililinganishwa kwa mkono kiwandani, na mpaka leo anayeitengeneza bunduki hiyo hujua kwamba kipande kutoka bunduki nyingine huenda kikahitaji tupa. Winchester Model 12, iliyotoka mwaka 1912, ilikuwa nzuri zaidi, imechongwa kutoka chuma kilichofuliwa, na wapenzi wake wanaisifu mpaka leo. Sifa hizo ni za haki. Lakini uzuri ule ulikuwa saa za mafundi, saa hizo zikapanda bei, na ilipofika miaka ya 1960 Winchester ikaiondoa kwenye uzalishaji wa kawaida kwa sababu hailipi.

Remington walijifunza kwa kushindwa. Model 31 yao, iliyoanza 1931, ilikuwa laini na imara lakini ghali, na haikumshinda mpinzani wake. Mwaka 1950 waliileta 870. Kasha lake lilichongwa kutoka chuma kizima, ila vipande vingi vya ndani vilikatwa na kukunjwa kwa presi, na sehemu kadhaa zilitumika pia kwenye shotigani yao nyingine, 11-48, iliyotangulia mwaka mmoja. Kipande cha kutumika kwenye bunduki mbili tofauti hakiwezi kulinganishwa kwa tupa na yoyote kati yake. Kinapaswa kuwa sahihi kwa geji tangu mwanzo. Nidhamu ya Harpers Ferry ilikuwa imeingia katika bunduki ya bata. Kufikia mwaka 2009 Remington ilikuwa imeunda 870 zipatazo milioni 10, umbo la msingi likiwa lilelile.

Magazini ndiyo sehemu inayolionyesha hili vizuri zaidi, kwa sababu ndiyo sahili kuliko zote. Fungua kifuniko cha mbele na mtutu unatoka pamoja na pete yake iliyovaa bomba. Ndani ya bomba kuna springi, na mwishoni mwa springi kuna kisukumio, kikombe kifupi ambacho kazi yake ni kukaa nyuma ya risasi ya mwisho bila kuinama. Kikilegea sana kinapinda na kukwama. Kikibana sana, uchafu kidogo unatosha kukizuia. Ndani ya springi mara nyingi utakuta kijiti cha mbao au plastiki, nacho kina historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ukame uliwapunguza sana bata wa Amerika ya Kaskazini, na mwaka 1935 serikali kuu ikaamuru kwamba shotigani ya kuwindia ndege wahamao isibebe zaidi ya risasi tatu kwa jumla, na kwamba kizibo cha magazini kiwe cha kipande kimoja kisichotolewa bila kuifungua bunduki. Tangu hapo viwanda vimeuza bunduki za pampu zikiwa na kizibo ndani. Sheria ya wanyamapori imeketi katikati ya springi, na yeyote anayebadilisha sehemu za magazini analazimika kukutana nayo.

Mpinzani mkubwa wa hoja yangu atanikamata hapa hapa. Atasema: hakuna serikali iliyoweka kipimo cha kisukumio cha 870, kampuni binafsi ilibuni, kampuni nyingine binafsi zikaiga, na soko likafanya kazi yake. Kwa kisukumio chenyewe yuko sahihi. Lakini angalia kisukumio hicho kinasukuma nini. Risasi ya namba 12 ina vipimo vilivyowekwa na SAAMI, taasisi ya watengenezaji iliyoundwa mwaka 1926 kwa ombi la serikali kuu ya Marekani. Skrubu zinazofunga bunduki zilitokana na desturi iliyoanzishwa na William Sellers wa Philadelphia mwaka 1864 na kuenezwa na Jeshi la Majini la nchi hiyo. Soko liliota kwenye shamba lililokwisha kulimwa. Na pale ambapo soko liliachwa peke yake, limetoa vipimo vingi visivyopatana: magazini ya Mossberg 500, iliyotoka miaka ya 1960, ina bomba lililozibwa mwishoni na mtutu unaoshikiliwa kwa skrubu, kwa hiyo hakuna sehemu ya mdomo wa magazini ya 870 inayoweza kuihudumia. Kipimo cha 870 kilipata hadhi ya kipimo cha wote kwa wingi wa bunduki tu, bila yeyote kukabidhiwa kazi ya kukilinda.

Udhaifu wa mpango huo umekwisha kuonekana. Remington ilipoleta toleo nafuu la Express mwaka 1987, na hasa katika matoleo yaliyofuata, kisukumio kilikuwa cha plastiki, na mdomo wa bomba la magazini ukaja kupigwa vibonyeo viwili kwa ndani ili kukishika kizuizi cha springi cha plastiki. Vibonyeo hivyo vidogo vilizifanya sehemu kadhaa za nje, zilizoundwa kwa vipimo vya bunduki za zamani, zisipite. Aliyevunja kipimo ni kiwanda chenyewe kilichokiasisi, na hakikuwa na wa kumjibu. Wapo wanaosema kwamba mtu akinunua kisukumio cha chuma kutoka nje anafuata mtindo tu, maana plastiki ya kiwandani inafanya kazi kwa wengi. Inafanya kazi, nakubali. Ila kinachomsumbua mnunuzi ni jambo lilelile linalomsumbua mwenye gari dukani Kariakoo anapoambiwa hii ni orijino na ile si orijino: jina la kiwanda halimwambii tena kama kipimo kimetunzwa.

Swali hilo limekuwa zito zaidi sasa. Remington iliingia katika ufilisi mwaka 2018 na tena mwaka 2020, mara ya pili ikauzwa vipandevipande, na Machi 2024 kiwanda cha Ilion, mji ambamo Remington ilikuwa ikiunda silaha tangu karne ya 19, kilifungwa. Wanaotumia jina hilo leo wanaendelea kuunda 870 kwingineko, na Norinco ya China imekuwa ikiunda nakala yake. Kampuni za spea, ambazo zilianza kwa kuuza nyongeza, zimejikuta miongoni mwa watunzaji wakuu wa vipimo vya bunduki ya miaka zaidi ya 70. Hall alikuwa na seti kuu ya geji iliyofungiwa kwa ajili ya siku ambayo karakana mbili zingebishana. Kwa magazini ya 870 seti hiyo haipo mikononi mwa mtu asiye na biashara ya kulinda. Ndiyo sababu, kati ya mambo yote yanayoandikwa kwenye paketi ya springi au kisukumio, lenye thamani kwangu kuliko aina ya chuma na rangi ni sentensi moja ambayo wauzaji wengine huiandika na wengine huiacha: sehemu hii ilijaribiwa kwenye matoleo yapi, ya miaka ipi, na haiingii kwenye yapi.